UZI: Unayeanza kutengeneza pombe nyumbani, tafuta maarifa kwanza kabla hujatia chachu

#1 Mwenye uzi (Malindi)

Hamjambo ndugu zangu. Uzi huu ni mrefu. Mwenye haraka auhifadhi, ausome usiku akitulia.

Wiki hii nimepigiwa simu na vijana watatu. Mmoja yuko Muyeye, mmoja Gede, mwingine Ganda. Kila mmoja ana ndoo pembeni mwa chumba, na swali lao ni moja: "Kaka, mbona haitoi mapovu?" Nimewajibu wote, na akipiga wa nne nitamjibu. Ila nilipowauliza walisoma nini au walimwuliza nani kabla ya kuanza, hakuna aliyekuwa na la kusema. Mmoja aliona video ya dakika mbili. Mwingine alisimuliwa na rafiki barazani. Wa tatu aliona aanze tu, akikwama ndipo aulize.

Hilo la "nikikwama nitauliza" ndilo lililonikalisha kuandika. Kwa mapishi mengi halina ubaya. Ukikosea ugali unasonga mwingine. Mahamri yakigoma kuumuka asubuhi, unakanda tena jioni. Pombe haikusubiri hivyo. Ukishatia chachu, imeanza kula, na kila saa inayopita kuna jambo limeshaamuliwa. Joto la siku mbili za kwanza limeshaamua ladha. Usafi wa ndoo umeshaamua kama utakunywa au utamwaga. Sukari uliyotia kwenye chupa imeshaamua kama chupa itakaa au itapasuka. Swali la siku ya kumi mara nyingi linahusu kosa la siku ya kwanza, na hata ukijibiwa na fundi aliyebobea, atakueleza kilichotokea, hataweza kukirudisha nyuma.

Nawaambia yaliyonipata mimi.

Miaka kadhaa nyuma, mwezi wa Februari, kaskazi imekaza na joto letu mnalijua, nilikuwa nimepanga Maweni. Nikatengeneza pombe ya asali na tangawizi, lita kumi. Siku ya tano mapovu yakakatika, nikaona imemaliza kazi. Nikaijaza kwenye chupa za kioo za mvinyo nilizokuwa nimekusanya, vijiko viwili vya sukari kila chupa ili ipate gesi, nikazifunga kwa nguvu zangu zote na kuzipanga kando ya ukuta. Haidromita, kile kifaa kinachoelea ndani ya pombe na kuonyesha sukari iliyobaki, sikuwa nayo. Sikujua hata kama kuna kifaa chenye jina hilo.

Usiku wa tatu, saa tisa kasoro, ya kwanza ikapasuka, kisha nne nyingine kwa mfululizo. Mtoto wa dada yangu, wakati huo ana miaka sita, alikuwa amelala mkekani chumba hichohicho, ndani ya chandarua. Nilipowasha taa nikaona vipande vya kioo vimenasa kwenye chandarua, usawa wa uso wake. Hakuumia. Nilimbeba nikakaa naye nje mlangoni mpaka adhana ya alfajiri. Sikuthubutu kurudi ndani kuzigusa zilizobaki.

Kulipokucha nikampigia mjomba wangu, mgema wa Kakuyuni tangu ujana wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza: "Wewe umekulia kwangu. Uliwahi kuniona nikikaza kifuniko cha dumu la mnazi?"

Sikuwahi. Tangu utotoni nimeona madumu yakipelekwa mangweni, panaponywewa mnazi, kwa baiskeli, vifuniko vimelegezwa, povu likichuruzika ubavuni. Jibu la swali langu lilikuwa likipita mbele ya macho yangu kila asubuhi. Sikulitafuta kwa sababu haikunipitia akilini kwamba asali yangu na mnazi wa mjomba ni kazi moja.

Siku hiyohiyo nikaanza kusoma. Onyo la chupa za kioo nililikuta karibu kila nilipofungua. Sababu yake si ngumu. Chachu inakula sukari, inatoa kileo na gesi ya kaboni. Ndoo yenye mrija wa maji kidogo juu ya kifuniko inaitoa gesi nje. Chupa iliyofungwa inaizuia ndani. Ili bia ipate gesi ya kawaida, gramu sita au saba za sukari kwa kila lita zinatosha, na hiyo ni baada ya sukari ya mwanzo kuisha kabisa. Ikibaki kidogo tu, tuseme pointi nne za haidromita (maji matupu husoma 1.000, na pointi moja ni 0.001), gesi inakaribia kuwa maradufu. Na mapovu kukatika hakukuhakikishii kitu. Huenda kifuniko kinavuja. Huenda chachu imedhoofika kwa njaa, maana asali imejaa sukari lakini haina naitrojeni ya kuitosha chachu. Cha kutegemea ni haidromita kusoma namba ileile siku tatu mfululizo.

Maneno hayo ya mwisho yalikuwa yameandikwa miaka mingi kabla sijafikiria kununua ndoo.

#2 Mwenye uzi (naendelea)

Nieleze kwa nini nina hakika kwamba swali lako la kwanza tayari lina jibu.

Uingereza iliondoa sharti la leseni kwa mtu anayetengeneza bia ya kunywa nyumbani kwake mwaka 1963. Marekani, Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya kuruhusu jambo hilo Oktoba 1978. Tangu hapo watu wamekuwa wakikosea jikoni mwao na kuandika walivyokosea. Viwanda navyo vililipia somo lao mapema zaidi: mwaka 1883, katika maabara ya Carlsberg kule Copenhagen, Emil Christian Hansen alifanikiwa kuotesha chachu safi kutoka seli moja, baada ya bia za kiwanda kuharibiwa na chachu za mwitu. Mtu akikuhimiza uoshe ndoo, kisha uipitishie dawa ya kuua vijidudu, ujue kuna waliomwaga mapipa mazima ndipo wakajifunza hivyo. (Na kwa kuwa wengi hutumia klorini ya kufulia: usiichanganye na siki wala asidi yoyote. Inatoa gesi ya sumu. Suuza vizuri kwa maji yaliyochemshwa.)

Kisha kuna maktaba yetu wenyewe, ambayo haina karatasi. Maji ya mnazi yanayogemwa (si ya dafu) yana sukari asilimia 12 hadi 15 hivi, na yanaanza kuchacha yanapodondoka tu kwenye kibuyu, kwa chachu ya hewani na ya kwenye kibuyu chenyewe. Siku moja inatosha kufika kileo cha asilimia nne au tano. Ukiacha zaidi, unaelekea siki. Mgema anaishi ndani ya saa hizo. Anajua kwa nini mnazi wa asubuhi si sawa na wa jioni, kwa nini kibuyu kichafu kinaharibu tembo la mnazi mzima, kwa nini karara, ile ala ya maua ya mnazi, inakatwa kipande chembamba kwa kotama (kisu cha mgema) kali kila anapopanda. Joto, muda, usafi: hayo ndiyo mambo ambayo wageni wameyaandikia vitabu vinene, na yeye anayashika kwa mkono. Mwendee kwa heshima. Subiri ashuke, usimpigie kelele akiwa juu. Mwamkie, nunua lita yako kwanza, kaa, ndipo uulize. Mjomba wangu aliniambia kwamba katika miaka yake yote vijana wanaomwuliza bei ni wengi, wanaomwuliza kazi ni wachache mno, na alilisema hilo kwa huzuni.

Sasa hapa pana mtego, na wengi wanaosoma kwa bidii ndipo wanaponaswa. Ushauri mwingi wa vitabuni umeandikwa na watu wa nchi za baridi. Wakisema "weka kwenye joto la chumba", wanamaanisha nyuzijoto 20 za Selsiasi. Chumba changu Machi kinafika 31. Tena kuchacha kwenyewe kunazalisha joto, kwa hiyo ndani ya ndoo panaweza kuwa juu ya hapo kwa nyuzijoto kadhaa. Chachu ya kawaida ya bia ukiifanyisha kazi kwenye joto hilo inatoa harufu kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, na kesho yake kichwa kinakuuma. Mtu akifuata maelezo neno kwa neno atasema ushauri ni wa uongo. Si wa uongo, ila haukuandikiwa Malindi.

Kwa hiyo soma ukiwa na kipimajoto mkononi. Mimi natengeneza zaidi miezi ya kusi, Juni hadi Agosti. Ndoo naiweka ndani ya beseni la maji na kubadilisha chupa za barafu asubuhi na jioni. Ile njia ya kuifunika ndoo kwa kitambaa kibichi inasifiwa sana na watu wa bara. Huku pwani hewa imeshiba unyevu, maji hayakauki haraka, na kitambaa kinasaidia kidogo tu. Njia nyingine ni kuchagua chachu inayopenda joto. Kuna chachu za mashambani za Norwe zinazoitwa kveik. Baadhi yake zinafanya kazi vizuri kwenye nyuzijoto 35 hadi 40. Nilipolisoma hilo nilisimama. Nchi ya theluji, na chachu yake inafaa Malindi kuliko nyingi nilizowahi kununua!

Vipimo navyo. Galoni ya Marekani ni lita 3.8 hivi, ya Uingereza ni 4.5. Galoni tano za mmoja ni lita 19, za mwingine ni karibu 23. Ukitia kimea cha moja kwenye maji ya nyingine utapata bia nyepesi au nzito na hutajua kwa nini. Ukiona 68 mbele ya herufi F, hiyo ni 20 yetu. Haidromita nyingi zimepimwa kwa maji ya nyuzijoto 20. Ukipima kitu chenye 30 inasoma pungufu kwa pointi mbili na nusu hivi, kwa hiyo uongeze.

Maji: ya bomba yana klorini, na klorini ikikutana na kimea inaacha ladha kama dawa ya hospitali. Yachemshe, yaache wazi mpaka kesho yake. Ya visima vya karibu na ufuo yaonje kwanza, mengi yana chumvi.

Na angalia mwaka. Maandishi ya zamani yanakuhimiza uihamishe bia kwenye chombo cha pili baada ya wiki moja, isiharibiwe na mashapo. Watengenezaji wengi wa nyumbani wameshaacha, kwa sababu kwa ndoo ndogo na wiki mbili tatu mashapo hayana madhara, na kuhamisha kunaingiza hewa na uchafu. Ukisoma maandishi ya zamani peke yake utafanya kazi isiyo na faida. Soma matatu au manne. Panapokubaliana, shika. Panapopishana, hapo ndipo penye swali linalostahili kuulizwa.

#3 Mchangiaji (Watamu)

Asante kaka, nimesoma yote. Na mimi nina ya asali hapa, ilikuwa inachemka vizuri, sasa imenyamaza. Nifanyeje? Nimwage?

#4 Mwenye uzi

Ndugu wa Watamu, usimwage. Lakini tazama ulivyoniuliza, na nakuambia kwa mapenzi: sijui lita ngapi, asali kiasi gani, chachu ipi, siku ya ngapi, joto gani, wala harufu yake. Mganga akiambiwa "naumwa" tu, ataanza na maswali. Nami nitakuuliza mambo sita, utanijibu kesho, nitakuuliza mengine mawili, na siku mbili zimekwenda.

Fanya hivi. Chukua daftari, andika yote hayo. Kama huna haidromita, nilipata yangu Mombasa kwenye duka la vifaa vya maabara, na haikuwa ghali kama nilivyoogopa. Bonyeza kifuniko cha ndoo pole pole uone kama maji ya kwenye mrija yanapanda. Nusa. Tazama juu: povu la kahawia lililoganda ukingoni ni la kawaida, tope jeupe chini ni chachu iliyolala, harufu kidogo ya yai viza kwenye asali huwa inaondoka yenyewe. Ukiona manyoya ya kijani au meusi yanaelea, huo ni ukungu, na hapo ndipo pa kumwaga.

Kisha urudi. Nakungoja.

#5 Mchangiaji (Mambrui)

Uzi mzuri lakini umeruka la kwanza kabisa: sheria. Kijana anaweza kusoma habari za chachu mwezi mzima, askari akamkuta na ndoo. Pili, kuna wanaouliza namna ya kuichemsha ili itoke kali. Waambie nao.

#6 Mwenye uzi

Umesema kweli, ilifaa niianze nayo. Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010 inataka leseni kwa anayetengeneza na anayeuza, na Katiba ya mwaka huohuo iliweka utoaji wa leseni za vileo mikononi mwa kaunti. Msifuate yaliyoandikwa na Mwingereza au Mmarekani kuhusu ruhusa. Hiyo ni sheria ya kwao. Kabla ya kununua hata ndoo, nenda ofisi ya kaunti na maswali yako yameandikwa, uulize kinachohitajika kwa kazi unayotaka kuifanya na kwa kiasi gani. Mimi nilikwenda baada ya ajali, ilhali ilifaa niende kabla.

La pili nalisema bila kuzunguka. Kuchemsha pombe na kukusanya mvuke ili itoke kali ni kazi nyingine kabisa. Msiifanye nyumbani, na mimi simfundishi mtu. Kuchacha kwa asali au kimea kunatoa methanoli kidogo mno isiyodhuru. Maafa tuliyoyaona nchini yalitoka kwenye pombe iliyotiwa methanoli. Novemba 2000, Nairobi, walikufa watu zaidi ya mia moja, na wengine wakapofuka. Sumu hiyo haijulikani kwa ladha wala kwa harufu. Mtu akikupa kemikali "ya kuongezea nguvu", mwondokee, na ukawaonye majirani.

#7 Mchangiaji (Amu)

Salaam kutoka Amu. Mimi sinywi na nyumbani kwangu haiingii, lakini nimefuata uzi kwa sababu natengeneza siki ya kuuza. Mwaka wa kwanza nilikuwa nafunika mtungi kifuniko cha kukaza, siki haikolei, nalaumu nazi, nalaumu mwezi. Kumbe bibi yangu alikuwa akifunika kwa kitambaa chembamba na kukifunga kamba shingoni, na mimi niliona kile kitambaa ni umaskini wa kukosa kifuniko. Nilipokuja kusoma nikaelewa: siki inataka hewa. Vile vijidudu vinavyogeuza kileo kuwa ukali haviwezi kazi bila hewa, na kitambaa kinazuia vinzi. Bibi alishafariki. Hilo la kutomwuliza linaniuma mpaka leo.

#8 Mwenye uzi

Dada yangu wa Amu, Mungu amrehemu bibi yako. Umenifungua jambo. Kifuniko kilichokazwa kiliharibu siki yako kwa kuzuia hewa kuingia, na changu kilipasua chupa kwa kuzuia gesi kutoka. Na sote wawili tulikuwa na mzee nyumbani aliyejua. Kwa mwenye bia, kisa chako kinasomeka kwa upande wa pili: kuchacha kukiisha, kila hewa unayoiingiza inakusogeza kwenye siki.

Wenye wazee wagema, wenye bibi wanaojua kimea cha mtama, chukueni simu mrekodi. Ombeni ruhusa, mrekodi.

#9 Mchangiaji (Kisumu Ndogo, Malindi)

Naomba kutofautiana kidogo. Mnasema tafuta, tafuta. Atafute wapi mtu aliyeishia darasa la nane? Maandishi karibu yote ni Kiingereza, tena Kiingereza cha maabara. Na anayeanza hajui hata jina la kitu anachokitafuta. Mimi niliwahi kuuliza mahali nikaambiwa "kasome", nikaacha kuuliza, na nikaacha kazi yenyewe. Wengine tunauliza kwa sababu kuuliza ndiko kusoma kwetu.

#10 Mwenye uzi

Ndugu, nimesoma maneno yako mara mbili, na nimeyapokea. Aliyekuambia "kasome" akakuacha hapo alikukosea. Kumwambia mtu atafute bila kumwonyesha pa kuanzia ni kumfungia mlango, na sitaki uzi huu utumiwe hivyo.

Ni kweli kwamba Kiswahili chetu kina maandishi machache ya kazi hii, ingawa maneno yake tunayo tangu zamani. Kimea ni nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, iwe mtama, wimbi au shayiri. Chachu ndiyo mfanyakazi wenyewe. Hamira ya mkate ni jamii ileile ya chachu ya bia, inafanya kazi, ila haitulii vizuri chini na haikupi ladha unayoitafuta. Mashapo ni yale yanayolala chini. Machicha ni yanayobaki ukishakamua. Asiyejua neno la Kiingereza aulize neno. Hilo ni swali halali siku yoyote na saa yoyote, na kwangu halihitaji utangulizi.

Ninapotofautiana nawe ni padogo. Kumwuliza mgema kabla hujaanza ndiko kutafuta. Kukaa na mama anayepika busaa ukamtazama tangu kuloweka mpaka kuchuja, ndiko kutafuta. Sikusema lazima kiwe kitabu. Ninalolilia ni kabla. Uliza leo, ndoo ikiwa bado kavu, hata ukiuliza vibaya, hata ukiuliza mara kumi. Ukiniuliza siku ya kumi na tano chupa zimeshafungwa na watoto wamelala, nitakujibu pia, lakini nitakujibu huku moyo unanidunda, kwa sababu najua chumba kile kinavyonuka usiku ule.

Na kuna jambo nimelijua kwa hao wanaopiga simu. Aliyetafuta kwanza anauliza swali linalonifundisha mimi. Wa Ganda, baada ya kumtuma kwa mgema wa jirani yake, alirudi kuniuliza kwa nini mnazi hauhitaji kuongezwa chakula cha chachu na asali inahitaji. Sikuwa nimewahi kulifikiria. Tumelisoma pamoja: maji ya mnazi yanatoka kwenye mti hai na yanabeba zaidi ya sukari, zimo chembe za kulisha chachu, ilhali nyuki ameikausha asali mpaka karibu imebaki sukari. Sasa kwenye asali yangu natia hamira kuukuu niliyoichemsha kwanza ikafa. Chachu hai inakula chachu iliyokufa. Swali la kijana aliyeanza mwezi huu limebadilisha ninavyofanya.

#11 Mchangiaji (Watamu)

Kaka nimerudi na daftari. Lita kumi jumla, asali kilo mbili kutoka kwa wafugaji wa nyuki wa kando ya Arabuko-Sokoke, hamira ya mkate paketi moja, leo siku ya sita. Joto la chumba 30. Nimepata haidromita ya kuazima, inasoma 1.020. Sikupima mwanzo.

Nilipokuwa naandika nikabonyeza kifuniko kama ulivyosema. Maji ya mrija hayakupanda, nikasikia hewa inatoka ubavuni. Nimegeuza kifuniko, mpira wa ndani umekunjika. Kwa hiyo ilikuwa inafanya kazi muda wote, gesi inapita pembeni. Nilikuwa nataka kuimwaga.

#12 Mwenye uzi

Umeliona mwenyewe, na nimefurahi kuliko ningekuambia mimi. Kilo mbili za asali kwenye lita kumi zinaanza karibu na 1.058, kwa hiyo hata usipopima mwanzo hesabu inapatikana. Kwa joto lako ongeza pointi mbili: uko 1.022. Imeshakula zaidi ya nusu na inaendelea. Nyoosha mpira, funga, usiifungue kila saa. Pima baada ya siku nne. Andika.

#13 Mchangiaji (Mambrui)

Wa Gede aliyetajwa mwanzo ni jirani ya shemeji yangu. Naye mpira wake umekunjika. Ndoo ni za duka moja.

#14 Mchangiaji (Watamu)

Kaka, namba zangu. Siku ya kumi: 1.008. Siku ya kumi na nne: 1.000. Siku ya kumi na sita: 0.998. Ya kumi na saba: 0.998. Leo, ya kumi na nane: 0.998 tena. Nikiongeza pointi za joto ni 1.000. Nimepiga hesabu niliyoikuta vitabuni, tofauti ya mwanzo na mwisho mara 131, ni asilimia saba na nusu.

Nimechemsha sukari gramu 57 kwenye maji kidogo kwa lita tisa na nusu, nimeipoza, nimechanganya taratibu bila kuipiga mapovu. Chupa kumi na tisa za nusu lita, za plastiki za soda, hakuna ya kioo hata moja. Ziko ndani ya kreti la kufunika, stoo, mbali na wanapolala watoto. Nimebonyeza moja sasa hivi. Bado laini.

#15 Mwenye uzi

Ibonyeze tena kesho asubuhi. Ikiwa ngumu kama ya soda mpya dukani, hamishia zote kwenye friji siku hiyohiyo, usingoje jioni.